Mteja Anakutafuta Google: Atakupata Wewe au Atampata Mwingine?

Till unayo, namba umeibandika ukutani, na SMS za malipo zinaingia bila shida. Sasa jiulize swali moja: yule mteja ambaye hajawahi kupita mbele ya duka lako atakujuaje?

Chukua familia iliyo Nairobi. Wanataka gesti Naivasha kwa wikendi moja na hawana rafiki huko wa kuuliza. Wanashika simu, wanaandika Google, na baada ya sekunde chache wanaona majina kadhaa, picha, nyota na nambari za simu. Wanapigia ya kwanza, wanaambiwa watume dipoziti. Kabla ya kuweka PIN, wanaangalia jina linalotokea kwenye simu. Je, ni lile lile waliloliona Google? Likiwa ndilo, wanalipa. Likiwa jina la mtu wasiyemjua, wanasita, na wengi wanahamia gesti inayofuata.

Hapo ndipo mada yetu ya leo ilipo. Watu wengi hudhani kupatikana Google ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Kwa biashara ndogo ya Nakuru, Gilgil au Molo, sehemu kubwa ni jambo rahisi zaidi: jina lako, mahali ulipo na nambari yako viseme kitu kimoja kila mahali mteja anapoangalia. Ukifanya hivyo Google inakuelewa, na mteja anakuamini. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni ya bure. Unahitaji simu, bando na muda kidogo.

Google inakupangaje?

Kwanza tuelewe vile mtambo wenyewe unafanya kazi. Google ina programu zinazotembelea kurasa za intaneti mchana na usiku, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kile zinachosoma kinawekwa kwenye faharasa kubwa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu cha shule. Mtu akiandika swali, Google haianzi kuzunguka intaneti upya. Inafungua faharasa yake na kupanga majibu.

Kwa hiyo kuna mambo matatu: kusomwa, kuwekwa kwenye faharasa, halafu kupangwa. Kama hujasomwa, hupo. Status ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24 na Google haiioni. Kundi la WhatsApp la wateja wako pia hailioni. Hivyo vyote ni vizuri kwa wateja ulio nao tayari, lakini mgeni hawezi kukupata kupitia huko.

Kwa utafutaji wa mtaani, kama "kinyozi karibu nami" au "duka la vipuri Nakuru", Google yenyewe inasema inaangalia vitu vitatu: kama biashara yako inahusiana na alichotafuta mtu, iko umbali gani naye, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Hizo mbili nyingine ziko mikononi mwako.

Ndiyo maana ukitafuta biashara yako ukiwa ndani ya duka lako unaweza kuiona juu kabisa na ukadhani mambo ni sawa. Mwombe rafiki aliye Lanet, na mwingine aliye Nairobi, watafute bidhaa yako bila kutaja jina lako. Jibu lao ndilo la kuamini.

Anza na profaili ya bure

Hata kama huna tovuti, unaweza kuonekana kwenye ramani kupitia Google Business Profile. Ni bure kuifungua na ni bure kukaa nayo. Ingia kwa akaunti yako ya Google, kisha utafute kwanza kama biashara yako tayari iko. Mara nyingi utakuta iko, kwa sababu mteja au mtu mwingine aliiongeza zamani. Ikiwa iko, usifungue ya pili. Dai hiyo hiyo, Google watakuomba uthibitisho, mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha mtaa, ubao wa jina na kitu cha kudhibitisha wewe ndiwe mwenye biashara, kisha utaisimamia.

Jaza kila kitu: aina ya biashara, saa za kufungua, simu, picha halisi za mahali na za kazi yako. Kwenye aina ya biashara, chagua ile iliyo karibu zaidi na unachofanya. Kama unauza keki, chagua duka la keki, usiseme tu "chakula". Saa za sikukuu pia zirekebishe. Mteja aliyetoka Njoro hadi mjini akakuta umefunga, na Google ilimwambia uko wazi, hatarudi kirahisi.

Unaoka keki nyumbani na hutaki kila mtu ajue mlango wako? Unaweza kuficha anwani na badala yake utaje maeneo unayohudumia, mradi unakutana na wateja au unawapelekea mzigo. Lakini jua kanuni: biashara ya mtandaoni pekee, isiyokutana na wateja ana kwa ana, haistahili profaili hii. Vivyo hivyo nyumba moja ya kukodisha wakati wa likizo. Gesti au hoteli yenye wahudumu inaruhusiwa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaijui. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye ramani ya Google: saa, mahali, hata nambari ya simu. Mara nyingi ni wateja wazuri wanaosaidia. Lakini fikiria profaili ya gesti yako haina mwenyewe, na mtu akafaulu kubadilisha nambari ya simu ikawa yake. Mgeni anapiga, anajibiwa kwa sauti ya heshima, anatumiwa nambari ya kulipia, anatuma dipoziti. Ijumaa jioni anafika mlangoni kwako na mizigo na watoto, na wewe humjui. Pesa zimeenda, na jina lililoharibika ni lako.

Dai profaili yako, na uifungue angalau mara moja kwa wiki uone kama kuna kilichobadilika. Ni kazi ya dakika mbili.

Jina moja kila mahali

Hebu tufanye ukaguzi. Chukua karatasi uandike majina haya matano: lililo kwenye ubao wa duka, lililo Google, lililo Facebook au Instagram, lililo WhatsApp, na linalotokea mteja anapolipa kwa till yako.

Kwa biashara nyingi ndogo haya hayafanani. Ubao una jina moja, Facebook ina jina la utani lililoanzishwa miaka ile ya chuo, na till imeandikishwa kwa jina la mwenye biashara au la mumewe. Kwa wewe uliye ndani ni kitu kimoja. Kwa mgeni ni watu watatu tofauti. Na kwa Google ni hivyo hivyo, kwa sababu mtambo unalinganisha jina, mahali na simu kutoka sehemu mbalimbali ili uwe na uhakika kwamba ni biashara moja.

Chagua jina moja, lile la ubao, na ulitumie kila mahali kwa tahajia ile ile. Usiongeze maneno kwenye jina la profaili ya Google, kwa mfano jina lako kisha "keki bora bei nafuu Nakuru". Google inataka jina halisi la biashara, na profaili zinazojaza maneno huweza kusimamishwa.

Kwa upande wa malipo, kama jina la till halifanani na la ubao, uliza huduma kwa wateja vile unavyoweza kulibadilisha na stakabadhi zinazohitajika. Wakati unasubiri, mwambie mteja mapema. Andika kwenye ukurasa wako: "Ukilipa utaona jina hili." Sentensi hiyo moja inaondoa wasiwasi mwingi.

Na nambari za zamani? Kama uliwahi kubadilisha laini, tafuta nambari ile ya zamani Google uone bado imeandikwa wapi. Laini ikikaa bila kutumika muda mrefu, kampuni ya simu inaweza kuiuza upya kwa mtu mwingine. Tangazo lako la miaka mitatu nyuma linaweza kuwa linampelekea mtu usiyemjua wateja wako, na pengine pesa zao. Futa au urekebishe kila mahali.

London ipi? Rongai gani?

Hapa watu wa Nakuru tuna shida yetu maalum. Sisi tukisema "London" tunajua tunamaanisha mtaa. Sasa mwambie Google "saluni London" uone utapelekwa Uingereza au la.

Na si London peke yake. Rongai yetu iko kaunti ya Nakuru, lakini Wakenya wengi wakisikia Rongai wanawaza Ongata Rongai ya Kajiado. Bahati ni eneo letu, ni mtaa wa Nairobi, na pia ni mwanamuziki. Pipeline iko kwetu na iko Embakasi. Milimani iko Nakuru, Nairobi, Kisumu na miji mingine. Ukiandika tu "Tuko Pipeline, karibu na steji", mtambo hauna njia ya kujua ni Pipeline gani, na mteja wa mbali pia hajui.

Dawa ni rahisi. Kila unapotaja mtaa, ufuatishe na mji au kaunti: "London, Nakuru", "Rongai, kaunti ya Nakuru", "Bahati, Nakuru", "Pipeline, Nakuru". Fanya hivyo kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye maelezo, na kwenye posti za mitandao. Tangu Desemba 1, 2021, Nakuru ni jiji kwa hati rasmi, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jiji linakua, na wageni wasiojua mitaa wanaongezeka. Wasaidie.

Halafu kuna alama za njiani. Wengi wetu hatuna namba za nyumba, tunaelekezana kwa "mkabala na", "nyuma ya", "ukishuka steji ya". Ziandike hizo kwa maneno kwenye maelezo yako, kwa sababu watu hutafuta kwa alama. Mwanafunzi anayeripoti chuoni haandiki "malazi bora". Anaandika "hosteli Njoro karibu na Egerton" au "bedsita karibu na Kabarak". Mtalii anaandika "gesti karibu na Hell's Gate" au "hoteli karibu na Ziwa Elementaita". Kama uko karibu na mahali panapojulikana, litaje, na useme umbali wa kweli. Usidanganye. Mteja akiteremka kwenye boda baada ya kilomita sita ulizoita "karibu", utasoma hasira yake kwenye maoni.

Mwisho, hakikisha pini yako ya ramani iko mlangoni kwako kweli. Simama dukani, fungua Google Maps, uangalie. Kama barabara yako haina jina, kuna namba fupi za Plus Code ambazo Google hutoa bure kwa kila mahali. Nakili yako uiweke kwenye WhatsApp na kwenye ukurasa wako. Wapeleka mizigo watakushukuru.

Andika maneno ya mteja

Ukurasa mwingi wa biashara huandikwa hivi: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa suluhisho bora." Nani anatafuta suluhisho? Watu wanatafuta "bei ya keki ya kilo mbili Nakuru", "fundi wa friji Section 58", "mbegu za viazi Shangi Molo", "vifaranga vya kienyeji Nakuru".

Ili ujue maneno ya wateja wako, fanya mambo mawili. Rudi kwenye WhatsApp yako usome ujumbe wa kwanza wa wateja kumi wa mwisho na unakili maneno yao vile walivyoyaandika. Pili, anza kuandika bidhaa yako Google bila kumaliza, uone mapendekezo yanayojitokeza. Hayo yanatokana na utafutaji wa watu wengine.

Lugha nayo? Wateja wetu huchanganya. Mmoja atatafuta kwa Kiingereza, mwingine kwa Kiswahili, na "mitumba" au "nyama choma" hutafutwa hivyo hivyo hata na anayeandika Kiingereza. Andika kwa lugha unayozungumza na wateja wako, na kama wako pande zote mbili, weka maelezo ya lugha zote mbili. Usirudierudie neno moja kama kasuku: "keki Nakuru, keki tamu Nakuru, keki nafuu Nakuru". Msomaji atachoka, na Google inahesabu ujanja huo kama taka.

Na tafadhali, tuongee kuhusu "bei inbox". Najua sababu: hutaki mshindani aone bei. Lakini mtu akitafuta "bei ya" kitu fulani, Google itampa ukurasa wenye bei. Wako hauna, kwa hiyo haupo. Kama bei hubadilika, andika "kuanzia Sh" ngapi na kinachoifanya ipande.

Jambo jingine ni mabango. Wengi tunatengeneza bango zuri lenye bei, simu na mahali, halafu tunaliposti kama picha bila maneno. Usitegemee mtambo usome maandishi yaliyo ndani ya picha. Bango posti, lakini chini yake andika kila kitu tena kwa maneno.

Kama una tovuti, au unataka kuianzisha

Profaili ikishakaa sawa, tovuti inakupa nafasi ya kueleza zaidi. Haihitaji kuwa kubwa. Kurasa nne zinatosha: unachouza na bei, ulipo na saa zako, namna ya kuagiza na kulipa, na maswali yanayoulizwa sana. Zingatia haya:

1. Jina la tovuti liwe lako. Majina ya .co.ke yanasimamiwa na KeNIC na huuzwa na kampuni zilizoidhinishwa. Hakikisha limeandikishwa kwa jina na barua pepe yako wewe, wala si ya fundi aliyekutengenezea. Mkikosana naye, anaweza kuondoka na tovuti nzima. Pia uliza bei ya kulipia tena mwaka wa pili, maana ofa ya mwaka wa kwanza huwa nafuu kuliko inayofuata.

2. Usijenge kila kitu kwenye shamba la mtu. Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara tovuti ndogo za bure kupitia profaili zao. Machi 2024 ilizizima. Waliokuwa na jina lao wenyewe hawakusumbuka sana. Facebook na TikTok pia zitumie, lakini uwe na pahali pako.

3. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Kile kichwa kinachoonekana kwa rangi kwenye majibu ya Google mara nyingi hutoka hapo. "Mwanzo" hakisemi kitu. "Keki za harusi na siku ya kuzaliwa, Section 58, Nakuru" kinasema yote.

4. Simu kwanza. Google husoma tovuti kwa jicho la simu, na wateja wako wengi wanatumia simu na bando la kuhesabu. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha. Nambari yako iwe ya kubonyeza na kupiga, isiwe ndani ya picha.

5. Pima kama umesomwa. Andika Google neno site likifuatwa na nukta mbili na jina la tovuti yako bila nafasi, kwa mfano site:jinalako.co.ke. Kurasa zikitokea, uko kwenye faharasa. Zisipotokea, fungua Google Search Console, ambayo ni bure, uombe zisomwe. Huko huko utaona watu waliandika maneno gani ndipo wakakuona.

Andaa ukurasa kabla ya msimu

Google haitaamka asubuhi moja na kukuweka juu. Mabadiliko mengine huonekana kwa siku chache, mengine huchukua wiki au miezi. Kwa hiyo biashara za msimu lazima zitangulie.

Mfano mzuri kwetu ni Safari Rally. Ilirudi kwenye mashindano ya dunia ya WRC Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na Naivasha ikawa kitovu chake. Mwaka wa 2022 na 2023 ikafanyika Juni pia. Kisha 2024 ikahamishwa hadi Machi, wakati wa Pasaka, na 2025 ikawa Machi tena. Gesti ambayo ukurasa wake bado unasema "karibuni Juni kwa mbio za magari" inamwambia mgeni kwamba hakuna mtu anayeutunza. Na ile inayoanza kuandika chochote wiki ya mbio yenyewe imechelewa. Wageni walishalipa dipoziti kwingine.

Fanya hivi: uwe na ukurasa mmoja wa Safari Rally unaokaa mwaka mzima kwa anwani ile ile. Kila mwaka ubadilishe tarehe, bei na idadi ya vyumba. Usiufute na kuanza mwingine, kwa sababu ukurasa unaodumu hukusanya viungo na kuaminika. Tarehe zithibitishe kwa waandalizi kabla ya kuandika.

Kanuni ni ile ile kwa muuza mbegu za viazi kabla ya mvua za Machi, mwenye hosteli kabla ya wanafunzi wapya kuripoti, na muuza sare kabla ya shule kufunguliwa. Angalau miezi miwili kabla, ukurasa uwe tayari.

Kujitangaza: maoni, viungo na matangazo ya kulipia

Maoni ya wateja ndiyo promosheni bora mtaani. Baada ya malipo kuingia na mteja kuridhika, mtumie kiungo cha kuandika maoni: "Asante sana. Ukipata dakika moja, tuandikie vile umehudumiwa." Kuomba ni halali. Kununua maoni, au kutoa punguzo ili upewe nyota tano, ni kinyume cha kanuni za Google. Maoni mabaya yakija, jibu kwa upole na useme umerekebisha nini. Wanaosoma jibu lako ni wengi kuliko aliyelalamika.

Viungo ni kutajwa na tovuti nyingine. Google ilianza mwaka 1998 kwa wazo hilo: ukurasa unaotajwa na wengine wanaoaminika huenda ni wa maana. Kwa hiyo omba kampuni unayouzia bidhaa zao ikuweke kwenye orodha ya mawakala wao. Gesti iwaombe waongoza watalii wa Ziwa Nakuru au Menengai waitaje, nayo iwataje. Lakini ukiambiwa "nitakuuzia viungo elfu moja", kimbia. Tangu 2012 Google imekuwa na mfumo wa kuwapiga breki wanaonunua viungo.

Matangazo ya kulipia nayo hukupa nafasi iliyoandikwa kwamba ni tangazo, na kwa kawaida unalipa mtu anapobofya. Ukiacha kulipa, yanapotea. Kabla ya kuanza, piga hesabu. Tuseme umeweka Sh3,000 na kila kubofya ni Sh20. Umepata watu 150. Sita kati yao wakaagiza keki. Kila oda imekugharimu Sh500 ya tangazo. Kama faida yako kwa keki moja ni Sh700, umebaki na Sh200 kwa kila moja, jumla Sh1,200. Kama faida yako ni Sh400, umepoteza Sh600, hata kama oda zilionekana nyingi. Nambari hizi ni za mfano tu; weka zako. Na usitangaze kabla ukurasa haujakaa sawa, maana utalipia watu waje waone mlango uliofungwa.

Jihadhari na hawa

"Nitakuweka namba moja Google, nimehakikisha." Hakuna anayeweza kuhakikisha hilo, na Google yenyewe imesema hivyo. Nafasi ya kawaida kwenye ramani pia hainunuliwi. Mtaalamu mzuri wa SEO atakueleza atafanya nini, kwa muda gani, na akaunti zote zitabaki mikononi mwako.

"Tunapiga kutoka Google, lipa ada profaili yako isifutwe." Profaili ni bure. Kata simu.

"Nitumie ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwa simu yako." Hiyo namba ichukulie kama PIN yako. Anayeipata anaweza kuishika profaili yako, kubadilisha simu, na kupokea pesa za wateja wako. Sisi pia hatutawahi kukuomba PIN yako, kwa simu wala kwa SMS.

Kazi ya wiki hii

Jumatatu: andika majina yako matano kwenye karatasi, uone yanayotofautiana.
Jumanne: dai profaili yako ya Google na uhakikishe simu, saa na pini.
Jumatano: ongeza "Nakuru" au mji wako kila ulipotaja mtaa peke yake.
Alhamisi: nakili maneno ya wateja kumi kutoka WhatsApp na uandike upya maelezo yako.
Ijumaa: weka bei, hata kama ni ya kuanzia, na jina litakalotokea wakati wa kulipa.
Jumamosi: omba maoni kwa wateja watatu walioridhika.
Jumapili: pumzika, lakini mwombe rafiki aliye mbali akutafute, akuambie ameona nini.

Halafu kwa mwezi mzima, kila mteja mpya akilipa, muulize: "Ulitujuaje?" Andika jibu kando ya kiasi alicholipa. Mwisho wa mwezi, fungua taarifa ya malipo ya till yako, uone ni shilingi ngapi zimetoka kwa watu waliokupata Google na ngapi kwingine. Hapo utajua muda na pesa zako za mwezi ujao uziweke wapi.